Tuvia Bielski, Jemadari wa Msitu wa Naliboki

1. Kinu cha Stankiewicze

Katika Ulaya ya mashariki iko nchi ya tambarare iitwayo Belarusi. Ni nchi ya mito iendayo polepole, ya vinamasi vipana, na ya misitu mikubwa ambayo mtu aweza kutembea ndani yake siku nzima asione nyumba. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba yote, na maji ya mito huganda yakawa barafu ngumu, hata watu na farasi huweza kupita juu yake. Katika nchi hiyo, kati ya miji ya Lida na Nowogródek, palikuwa na kijiji kidogo kilichoitwa Stankiewicze. Hapo ndipo alipozaliwa Tuvia Bielski mwaka wa 1906.

Wazazi wake, David na Beila, walikuwa Wayahudi, yaani watu wa taifa lile ambalo habari zake za kale zimo katika Agano la Kale. Katika kijiji kile hapakuwa na jamaa nyingine ya Kiyahudi. Jirani zao wote walikuwa Wakristo. Walilima shamba, tena walikuwa na kinu kilichozungushwa kwa nguvu ya maji, na wakulima wa karibu walileta nafaka zao kusagwa hapo. Walijaliwa watoto kumi na wawili. Watoto hao walikua katika kazi: walichunga ng'ombe, walipasua kuni, walibeba magunia, na njia za msituni walizijua kama mtu azijuavyo njia za kwao.

Tuvia alijifunza pia lugha nyingi. Nyumbani walisema Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa nchi zile. Kwa jirani alijifunza Kibelarusi, Kirusi na Kipolandi. Na wakati wa Vita Kuu ya kwanza, askari wa Kijerumani walipokaa karibu na kijiji, alijifunza lugha yao. Kuijua misitu na kuzijua lugha za watu yalionekana kuwa mambo madogo siku zile. Baadaye yaliokoa maisha ya watu wengi.

Alipozaliwa, nchi ile ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ikawa sehemu ya Polandi, na Tuvia akatumika katika jeshi la Polandi. Mwaka wa 1939 Polandi iligawanywa kati ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti, na Stankiewicze ikaangukia upande wa Warusi. Hivyo watu wa pale walibadilishiwa bendera mara kwa mara, nao hawakuulizwa neno.

2. Msiba wa mwaka wa 1941

Tarehe 22 Juni 1941 majeshi ya Ujerumani yaliingia Urusi kwa ghafula. Siku chache baadaye yalikuwa yamekwisha kuuteka mji wa Nowogródek na vijiji vyake.

Serikali ya Ujerumani wakati ule ilikuwa mikononi mwa Hitler na chama chake, nao walikusudia kuwaangamiza Wayahudi wote wa Ulaya. Wayahudi hao hawakuwa wameshitakiwa kosa lolote. Mzee, mama, na mtoto mchanga, wote walihukumiwa kifo kwa sababu moja tu, ya kuwa wamezaliwa Wayahudi. Hata vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Wayahudi wapata milioni sita walikuwa wameuawa.

Mambo yalianza kwa amri. Kila Myahudi aliamriwa kushona alama ya rangi ya manjano katika nguo yake. Kisha walikatazwa kusafiri, wakanyang'anywa mali, wakalazimishwa kufanya kazi bila mshahara. Halafu wakahamishwa nyumbani kwao, wakakusanywa katika mtaa mmoja wa mji uliozungushiwa ua na kulindwa na askari. Mtaa kama huo uliitwa geto. Aliyeingia getoni hakuruhusiwa kutoka ila kwenda kazini, na aliyetoka kwa siri aliuawa.

Mwezi wa Desemba 1941 askari waliwatoa Wayahudi maelfu katika mji wa Nowogródek, wakawapeleka nje ya mji, wakawapiga risasi. Miongoni mwao walikuwamo David na Beila, wenye kinu cha Stankiewicze, pamoja na jamaa zao wengine.

Lakini wana wao wanne hawakuwa getoni. Tuvia, Asael, Zus, na mdogo wao Aron, ambaye alikuwa bado mvulana, walikuwa wameikataa ile alama ya manjano. Walikuwa wakijificha huku na huku kwa wakulima waliowafahamu, na kulala porini. Habari za kifo cha wazazi wao ziliwafikia huko.

3. Shauri la msituni

Katika majira ya kuchipuka ya mwaka wa 1942 ndugu hao walikutana msituni pamoja na jamaa na rafiki wachache. Hawakuzidi thelathini, na silaha zao zilikuwa chache mno. Waliona ya kuwa kundi lisilo na mkubwa hutawanyika, basi wakamchagua Tuvia awe jemadari. Asael akawa wa pili wake, na Zus akapewa kazi ya kupeleleza habari za adui.

Msituni mlikuwa na makundi mengine ya wapiganaji pia. Wengi wao walikuwa askari wa Kirusi walioachwa nyuma jeshi lao liliposhindwa. Waliwavizia Wajerumani njiani, wakabomoa madaraja na reli, kisha wakatoweka ndani ya miti. Makundi hayo hayakumpokea kila mtu. Walitaka vijana wenye nguvu, na hasa kijana mwenye bunduki yake mwenyewe. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, au mzee asiyeweza kukimbia, aliambiwa aende zake.

Neno hili lilizusha mabishano hata katika kundi la Tuvia. Baadhi ya vijana wake walisema: Chakula ni haba, wazee hawawezi kwenda mbio, mtoto akilia usiku atatufichua sote. Kundi dogo la wapiganaji litapona, bali kundi kubwa la watu dhaifu litaangamia lote. Maneno yao hayakuwa ya kijinga. Kwa desturi ya vita walikuwa na haki, na kila aliyesikia alijua ya kuwa hatari waliyoitaja ni ya kweli.

Tuvia aliwasikiliza, wala hakukubali. Alitoa amri ya kuwa Myahudi yeyote afikaye kwao atapokewa, awe mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto, ana bunduki au hana. Alisema mara nyingi ya kuwa kwake yeye kumwokoa bibi kizee mmoja ni bora kuliko kuua askari kumi wa adui. Hakudharau kupigana, maana watu wake walipigana: waliharibu reli na madaraja, wakawavizia askari wa adui. Lakini aliona ya kuwa adui alikuwa amekusudia kulifuta taifa zima. Basi kila aliyebaki hai, hata kama hakushika bunduki kamwe, alikuwa amemshinda adui katika jambo lile alilolitaka zaidi.

Amri hiyo haikubadilishwa hata mwisho wa vita.

4. Wajumbe wa kwenda getoni

Haikutosha kungoja watu waje. Tuvia alituma barua na wajumbe kwa siri katika mageto ya Nowogródek, Lida, Iwie na miji mingine, kuwaambia watu watoke upesi waje msituni. Kazi ya mjumbe ilikuwa ya kutisha. Alipita usiku penye walinzi, akaingia mahali ambapo kila mtu alitaka kutoka, kisha akatoka tena akiwaongoza watu wenye njaa na hofu, mwendo wa saa nyingi gizani.

Si wote waliokubali kumfuata. Wengine walikuwa na wazazi wagonjwa, wasiweze kuwaacha. Wengine walikuwa mafundi, wakatumaini ya kuwa adui atawahifadhi kwa ajili ya kazi yao. Wengine waliogopa baridi ya msituni kuliko kifo wasichokiona. Wengi wa hao waliuawa baadaye.

Hata hivyo waliofuata walikuwa wengi. Mwishoni mwa mwaka wa 1942 wajumbe walitoa watu zaidi ya mia moja katika geto la Iwie kabla Wajerumani hawajawaua waliobaki. Mwaka huo ulipokwisha kundi la Tuvia lilikuwa limepita watu 300.

Walisaidiwa pia na watu wasio Wayahudi. Mmoja wao alikuwa mkulima aliyeitwa Konstanty Kozłowski, ambaye shamba lake halikuwa mbali na Nowogródek. Watu waliotoroka getoni walikimbilia kwake; aliwaficha, akawalisha, akapeleka habari kwa Tuvia, mpaka wajumbe wakaja kuwachukua. Alijua vema ya kuwa wakikutwa kwake, yeye na watoto wake watauawa na nyumba yake itachomwa. Hakuacha kufanya hivyo. Baada ya vita jina lake liliandikwa huko Yerusalemu katika orodha ya watu wenye haki wa mataifa, waliohatarisha maisha yao kwa kuwaokoa Wayahudi.

Tena katika kambi ya kazi ya Nowogródek kulikuwa na mafundi wa Kiyahudi waliobakizwa ili wafanye kazi. Hao walichimba njia chini ya ardhi kwa muda wa miezi, wakitumia zana walizozifanya wenyewe, na udongo wakauficha darini na katikati ya kuta, walinzi wasiuone. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1943 watu wapata 250 walitambaa humo mmoja mmoja, wakatokea nje ya ua. Wengine walipigwa risasi gizani, wengine walipotea. Lakini zaidi ya mia moja walifika kwa Tuvia.

5. Chakula na jirani

Watu mia tatu, kisha mia saba, watakula nini msituni? Hili lilikuwa swali gumu la kila siku. Vijana wenye silaha walitoka usiku, wakaenda vijijini kuchukua viazi, unga, nafaka na ng'ombe. Wakulima wengine walitoa kwa hiari. Wengi walitoa kwa sababu mbele yao palikuwa na bunduki.

Haifai kulificha jambo hili. Wakulima wale wenyewe walikuwa maskini. Mchana walinyang'anywa na Wajerumani, na usiku wakaja watu wa msituni. Tena wakijulikana ya kuwa wamewalisha watu wa msituni, walichomewa kijiji. Tuvia aliamuru watu wake wasiwamalize maskini, bali wachukue zaidi kwa wenye wingi na kwa wale waliomsaidia adui. Lakini njaa na vita haviachi haki ikae sawasawa, na manung'uniko yalikuwa mengi.

Siku moja Viktor Panchenko, jemadari kijana wa kundi la Warusi, aliletewa mashtaka ya kuwa watu wa Bielski ni wanyang'anyi, akakusudia kuwaadhibu. Tuvia hakukimbia wala hakushika silaha. Alikwenda kuonana naye, akaomba mashtaka yachunguzwe kwanza kwa wakulima wenyewe. Mwisho majemadari hao wawili walipatana, wakagawana vijiji, kila kundi lichukue chakula upande wake. Akiba ya maneno ilifanya siku ile kazi ambayo bunduki isingeweza.

Kwa wasaliti Tuvia alikuwa mkali. Mtu aliyewapeleka Wayahudi kwa adui ili apate zawadi, aliuawa. Ndani ya kundi vilevile hakustahimili uasi, na wako waliomwona kuwa mkali kupita kiasi.

6. Windo kubwa

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1943 kundi lilikuwa limehamia Naliboki, msitu mkubwa wenye vinamasi upande wa kulia wa mto Niemen. Ndipo Wajerumani wakakusudia kuyamaliza makundi yote ya msituni kwa mara moja. Walileta askari na polisi zaidi ya 20,000, wakauzunguka msitu kama watu wazungukavyo pori kuwinda wanyama. Zawadi ya marki 100,000 iliahidiwa kwa mtu atakayewezesha Tuvia Bielski kukamatwa.

Makundi ya wapiganaji peke yao yaliweza kujigawa na kupenya usiku. Tuvia alikuwa na watu wapata 700, na wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Sasa lile neno la vijana waliobishana naye zamani lilikuwa linasimama mbele yake.

Palikuwa na watu waliokijua kinamasi vizuri, nao walisema ya kuwa katikati yake kuna kisiwa kidogo cha nchi kavu. Tuvia akaamuru wote waende huko. Wakaingia majini usiku, wakifuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Maji na matope yalifika magotini, mahali pengine kiunoni, na zaidi. Wenye nguvu waliwabeba watoto mabegani na kuwashika wazee mkono. Ilipokuwa hapana budi kupumzika ndani ya maji, watu walijifunga kwa mikanda katika miti, ili usingizi ukiwashika wasianguke na kuzama.

Wakafika kisiwani, wakakaa huko siku kadhaa. Chakula kilikuwa kidogo sana, na moto haukuruhusiwa, maana moshi ungewafichua. Walisikia milio ya bunduki na sauti za askari pande zote. Adui hakuthubutu kuingia ndani ya kinamasi kile. Hatimaye askari waliondoka, na watu wa Tuvia wakatoka, wamekonda na wamechoka, lakini wako hai.

Vijiji vya kando ya msitu havikupona hivyo. Wajerumani walivichoma vingi, wakaua wakulima, na maelfu wakawachukua kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa. Mazao yalibaki mashambani bila mwenyewe. Watu wa msituni walikwenda kuyavuna, nao walijua wanavuna jasho la watu waliopatwa na msiba kama wao.

7. Mji ndani ya msitu

Mwishoni mwa mwaka wa 1943 Tuvia alijenga kambi ya kudumu ndani ya Naliboki. Waliokuja walishangaa kuona mji mdogo kati ya miti. Nyumba zake zilikuwa mahandaki makubwa yaliyochimbwa ardhini, yakaezekwa magogo, matawi na udongo, hata mtu aliye mbali hakuona kitu ila vichuguu. Handaki moja lilichukua watu wapata arobaini, nalo lilikuwa na joto wakati wa theluji.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuvia alifuata shauri kama hilo. Asiyeweza kushika bunduki alipewa kazi nyingine. Palikuwa na washona nguo, washona viatu, maseremala, wahunzi na watengeneza saa. Palikuwa na kinu, mahali pa kuokea mikate, mahali pa kutengenezea sabuni, na mahali pa kufulia nguo. Ng'ombe wapata sitini na farasi wapata thelathini walitunzwa. Watu walifyeka sehemu ya msitu, wakapanda ngano na shayiri. Nyumba ya kutengenezea ngozi ilitumika pia kuwa mahali pa sala, kwa sababu mafundi kadhaa wa ngozi walikuwa watu wa dini sana. Watoto walikuwa na shule yao, wagonjwa walikuwa na nyumba ya dawa, na wenye makosa walihukumiwa katika baraza.

Ugonjwa wa homa iletwayo na chawa ulipoingia kambini, ungaliweza kuwamaliza. Watu walipelekwa kuoga kwa maji ya moto, nguo zao zikatiwa mvuke mpaka chawa wakafa, na wagonjwa wakatengwa. Kwa usafi huo karibu wote walipona. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Kambi haikukosa manung'uniko. Wapiganaji walipata chakula kizuri kuliko wengine, na wasio na silaha waliona wanadharauliwa. Hata hivyo hapana aliyefukuzwa kwa sababu ya udhaifu.

Wakuu wa Kirusi walikuwa wakiuliza: Kundi hili lenye midomo mingi na bunduki chache lina faida gani? Jenerali wao aliyejulikana kwa jina la Platon alikuja kutazama mwenyewe. Alionyeshwa mafundi wakitengeneza bunduki zilizoharibika, wakishona buti na tandiko za farasi kwa ajili ya makundi yote ya msituni. Tangu siku zile wapiganaji wengi wa Kirusi walileta kambini viatu na silaha zao kutengenezwa, wakalipa kwa chakula. Wale waliohesabiwa kuwa mzigo sasa walikuwa tegemeo la wenye nguvu.

8. Kutoka msituni

Mwezi wa Juni 1944 jeshi la Kirusi lilianza kuwasukuma Wajerumani nje ya Belarusi. Mwezi wa Julai askari wa Kijerumani waliokuwa wakikimbia walipita katika kambi, wakaishambulia, wakaua watu kadhaa siku chache tu kabla ya uhuru. Kisha bunduki zikanyamaza. Tuvia aliwaongoza watu wake kurudi Nowogródek, nao walikuwa msururu mrefu njiani. Walipohesabiwa walikuwa zaidi ya 1,200. Katika kila watu kumi, saba walikuwa wanawake, watoto au wazee. Katika miaka ile yote kundi lilipoteza watu wapata hamsini tu.

Asael aliingizwa katika jeshi la Kirusi, akauawa vitani huko Prussia ya Mashariki mwezi wa Februari 1945. Tuvia na Zus walikwenda Palestina, na baada ya miaka wakahamia Marekani. Huko New York Tuvia aliendesha gari la mizigo ili alishe jamaa yake. Wengi waliomwona mjini humo hawakujua ya kuwa dereva yule alikuwa jemadari. Alifariki mwezi wa Juni 1987, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Akazikwa New York, na mwaka uliofuata mwili wake ukapelekwa Yerusalemu, ukazikwa kwa heshima ya kiaskari. Wajukuu na vitukuu vya watu aliowaokoa leo ni maelfu mengi, nao wanakaa katika nchi mbalimbali za dunia.

Majemadari wengi husifiwa kwa idadi ya adui waliowaua. Tuvia Bielski anakumbukwa kwa idadi ya watu waliotoka naye msituni kwa miguu yao wenyewe.

Maneno ya kujifunza

Jemadari: mkuu wa askari.
Kinamasi: nchi yenye maji na matope yasiyokauka.
Geto: mtaa wa mji uliozungushiwa ua, ambamo Wayahudi walifungiwa.
Handaki: shimo refu lililochimbwa la kujificha au kukaa.
Marki: fedha ya Ujerumani ya siku zile.
Msaliti: mtu anayewatoa wenzake kwa adui.
Tandiko: kiti cha ngozi kiwekwacho mgongoni mwa farasi.

Maswali

1. Tuvia alijifunza mambo gani utotoni yaliyomfaa baadaye?
2. Kwa nini makundi mengine ya msituni yaliwakataa wazee na watoto?
3. Vijana wa Tuvia walitoa sababu gani za kupinga amri yake? Je, sababu hizo zilikuwa na ukweli?
4. Konstanty Kozłowski alihatarisha nini, naye hakuwa Myahudi?
5. Eleza jinsi watu 700 walivyookoka katika Windo Kubwa.
6. Kwa nini wakulima wa vijijini walipata taabu pande zote mbili?
7. Jenerali Platon alionyeshwa nini kambini, nacho kilijibu swali gani?
8. Andika insha fupi juu ya methali hii: Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Tumia mfano wa kambi ya Naliboki na mfano mmoja wa kijijini kwenu.